Namna ya kulifungua swali la pembetatu nyembamba lililonishinda nikiwa na miaka 12

Dada yangu alichora pembetatu nyembamba kama msumari nyuma ya daftari lake, akaandika namba chache kwenye kona, akanisogezea. "Tafuta hii pembe. Huhitaji kujua chochote zaidi ya kwamba pembe tatu za pembetatu zinajumlika kuwa nyuzi 180." Nilikuwa na miaka 12, na kwa hesabu za pembe nilijiona sina mpinzani. Nikadhani nitamrudishia daftari kabla hajafunika kalamu.

Nilishindwa siku ile, nikashindwa wiki nzima, na nilipombana anipe jibu akakiri kwamba hata yeye halijui. Leo nina miaka 43, ni fundi cherehani, na swali lile nimelimaliza mwaka jana. Ninaeleza hapa njia niliyopita ili nawe ulifanye kwa mkono wako. Ukitaka kulijaribu peke yako kwanza, soma mpaka mwisho wa maelezo ya mchoro kisha weka maandishi haya pembeni.

Kabla ya kuchora, hakikisha swali unalolikumbuka ndilo lenyewe. Mimi nilikumbuka namba 60 na 70, nikaumia nazo wiki tatu nzima. Mwisho nikampigia dada simu. Akacheka mpaka akakohoa: "Sabini umeitoa wapi, mdogo wangu? Ilikuwa 60 na 50!" Kumbukumbu ya utotoni hutunza hasira vizuri kuliko namba. Kwa hiyo mtafute aliyekuwepo, umuulize bila kumtajia namba zako, maana ukimtajia ataitikia tu. Kama hakuna wa kuuliza, andika kila sura ya swali unayoweza kuikumbuka na uzichore zote. Sura yangu ya makosa nayo ilikuwa na lake, nitaifikia.

Sasa mchoro. Chukua karatasi ya A4 isiyo na mistari, penseli iliyochongwa vizuri, rula, protrakta na bikari. Karibu na ukingo wa chini chora kitako BC chenye urefu wa sentimita 8, B kushoto na C kulia. Weka protrakta kwenye B upime nyuzi 80, kisha nyuzi 80 nyingine kwenye C, halafu panda na mistari yote miwili mpaka ikutane juu kabisa, nukta A. Pande hizo mbili zitakuwa na urefu wa kama sentimita 23 kila moja, na pembe ya pale juu ni 20. Usichore mchoro mdogo. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nachora wa ukubwa wa kidole gumba, na ndani ya mchoro kama huo kila pembe inafanana na jirani yake.

Rudi B. Chora mstari unaopanda kwa nyuzi 60 kutoka kwenye kitako mpaka ugonge upande wa kulia, na hapo uandike E. Nenda C, chora mstari unaopanda kwa nyuzi 50 kutoka kwenye kitako mpaka ugonge upande wa kushoto, hapo uandike F. Unganisha E na F. Swali ni hili: pembe BEF, ile iliyoko E kati ya mstari unaokwenda B na mstari unaokwenda F, ni nyuzi ngapi?

Ni hayo tu.

Usione haya kupima. Weka protrakta pale E usome. Nilipokuwa mtoto nilisoma 29, dada akaniambia kupima ni kuiba. Sikubaliani naye mpaka leo. Kupima hakukupi sababu, ila kunakuonyesha unakoelekea, na ukijua jibu linazunguka 30 utaweza kumtambua mgeni akibisha hodi. Andika 30 kwa penseli nyepesi pembeni, na uweke alama ya kuuliza.

Halafu fanya kile ambacho kila mtu hufanya: jaza pembe zote unazoweza. Pembetatu BCE ina 60 na 80, kwa hiyo pale E kuna 40. Pembetatu BCF ina 80 na 50, kwa hiyo pale F kuna 50. Mahali mistari BE na CF inapokatana pachike jina P. Pembetatu BPC ina 60 na 50, basi pembe ya P ni 70, na ile inayotazamana nayo upande wa juu ni 70 vilevile. Hadi hapa ni mteremko.

Kisha utakwama, na ni muhimu ukwame vizuri, yaani kwa maandishi. Zimebaki pembe nne zisizojulikana. Ziite x (BEF, ndiyo tunayoitafuta), y (CFE), m (AFE, pale F upande wa juu) na n (AEF, pale E upande wa juu). Mchoro unakupa milinganyo minne:

y + m = 130, kwa sababu upande AB umenyooka na 50 imeshatumika pale F.
x + n = 140, kwa sababu upande AC umenyooka na 40 imeshatumika pale E.
x + y = 110, kutoka pembetatu ndogo PEF yenye 70.
m + n = 160, kutoka pembetatu ya juu yenye 20.

Visivyojulikana vinne, milinganyo minne. Mwalimu yeyote angekuambia inatosha. Mimi nikiwa mtoto nilijaza kurasa, na kila mara nilitokea kwenye x = x, au 160 = 160, kama mtu aliyepotea msituni na kujikuta tena kwenye kisiki alichokipita asubuhi. Niliamini nakosea kujumlisha. Kumbe nilikuwa najumlisha sawasawa.

Jaribu mwenyewe. Jumlisha mlinganyo wa kwanza na wa pili: x + y + m + n = 270. Toa wa tatu: m + n = 160. Huo ni ule wa nne! Una mashahidi wanne, ila wa nne anarudia maneno ya wenzake. Weka x yoyote ile na hesabu itakubali. Weka 45: y inakuwa 65, m 65, n 95, na milinganyo yote minne inatulia bila kulalamika. Weka 30, inatulia pia. Kwa hiyo maneno ya dada, kwamba huhitaji chochote zaidi ya 180, yalikuwa ya uongo, ingawa hakukusudia. Kwa kujumlisha pembe zilizomo kwenye mchoro huu kama ulivyo, jibu halipatikani, hata ukikesha.

Hapa ndipo kazi yangu ilinisaidia. Kipande cha kola kikiwa na pembe sahihi kabisa bado hujui ni cha shati la mtoto au la mtu mzima. Pembe hazisemi urefu. Ukitaka vipande viwili vishonane, lazima utie futi kwenye kingo zake. Milinganyo yangu minne ilikuwa haijui hata kidogo kwamba F iko mbali kiasi gani na B, au E na C. Ilijua pembe tu. Hivyo nikaacha kutafuta pembe, nikaanza kutafuta pande zinazolingana.

Kitu kinachobadilisha pembe kuwa urefu, na urefu kuwa pembe, ni pembetatu pacha, ile yenye pande mbili sawa. Pembe mbili zikilingana, pande zinazozikabili zinalingana. Pande mbili zikilingana, pembe zinazozikabili zinalingana. Unaingia mlango mmoja ukiwa na nyuzi, unatokea mlango wa pili ukiwa na sentimita. Basi pitia pembetatu zako zote moja baada ya nyingine ukiuliza swali hilo tu: kuna pembe mbili zinazofanana? BCE ina 60, 80, 40. Hakuna. BCF ina 80, 50 na 50.

Hiyo 50 ya pili nilikuwa nimeiandika labda mara mia tangu utotoni bila kuona kwamba ziko mbili. Maana yake ni kwamba BF ni sawa na BC, sentimita 8. Weka alama ya mkwaju mmoja kwenye BC na mkwaju mmoja kwenye BF, kama tunavyotia alama za chaki kwenye vipande vitakavyoungana.

Sasa shika bikari. Yangu niliiazima kwa binti yangu, naye akanionya nisiilegeze skrubu. Weka ncha kwenye B, fungua mpaka penseli iguse C, kisha zungusha tao kutoka C mpaka upande wa kushoto. Tao litapita F, kama tulivyotegemea. Lakini liangalie lilivyoanza safari: likitoka C linauvuka upande AC tena, sentimita kama 2.8 tu juu ya C. Nukta hiyo haimo kwenye swali. Mara ya kwanza niliifuta kwa raba, nikiona imechafua mchoro. Siku mbili baadaye nilipozungusha tao tena na kuiona imerudi palepale, ndipo nikaipa jina: G.

Unganisha B na G. Huo ndio mstari uliokuwa umekosekana miaka yote hiyo. BG ni sawa na BC kwa kuwa zote mbili ni uwazi wa bikari ileile. Basi pembetatu BCG ni pacha. Pale C ina 80, kwa hiyo pale G ina 80 pia, na pale B inabaki 20. Pembe nzima ya B ni 80. Toa hiyo 20, pembe FBG ni 60.

Tulia hapo kidogo. BF na BG zina urefu mmoja, na kati yake kuna nyuzi 60. Pembetatu pacha yenye 60 kileleni haina budi kuwa na 60 kote, yaani pande zake zote tatu ni sawa. Unganisha F na G: nayo ni sentimita 8. Kuna pembetatu kamilifu iliyokuwa imejificha ndani ya msumari ule, imelala kidogo ubavuni, na hakuna namba yoyote ya swali iliyoidokeza.

Usiikaze wala kuilegeza bikari. Hamisha ncha yake kutoka B uiweke G, uzungushe. Tao litapita B, litapita F, na litapita E. Nilipoona linapita E niliinuka kwenye kiti, nikawasha taa ya pili, nikazungusha tena.

Hata hivyo usijipongeze mapema. Unene wa penseli ni nusu milimita, na nusu milimita huweza kuficha uongo mwingi. Kwamba tao linapita E ni jambo la kuonyeshwa kwa sababu, nayo iko karibu: pembe CBE ni 60 na CBG ni 20, hivyo GBE ni 40. Pale E tulishapata 40 mwanzoni kabisa. Pembe mbili za 40 ndani ya pembetatu BGE! Ni pacha, na GE ni sawa na GB.

Sasa GF na GE zote ni sawa na GB, basi zinalingana zenyewe kwa zenyewe, na pembetatu GFE nayo ni pacha. Pembe yake ya G ni ngapi? Upande AC umenyooka; pale G kuna 80 (BGC) na 60 (BGF), hivyo FGE ni 40. Zinabaki 140 za kugawana kwa F na E, 70 kila mmoja. Pembe GEF ni 70, na ndani yake GEB ni 40.

70 toa 40. Nyuzi 30.

Kama hukuamini njia hii, pima EF: kwenye mchoro wa kitako cha sentimita 8 itakuja karibu 5.5. Na kama una kikokotoo na hujasahau saini na kosaini, kuna njia ya kuhakiki bila bikari. Chukua kitako kuwa 1. BF ni 1, na BE ni saini ya 80 ukigawa kwa saini ya 40, inatoka 1.5321. Kati yake pale B kuna nyuzi 20. Tanjenti ya x ni saini ya 20 ukigawa kwa 1.5321 iliyotolewa kosaini ya 20: 0.3420 kwa 0.5924, karibu 0.577, ambayo ndiyo tanjenti ya nyuzi 30. Njia hii inakupa jibu kwa dakika mbili, na ndiyo ningeitumia kama ningekuwa na haraka. Lakini mtoto wa miaka 12 hana tanjenti, na deni nililokuwa nalilipa lilikuwa la mtoto huyo.

Ukishapata jibu, na si kabla, tafuta historia ya swali lako. Mimi nilipoitafuta nilipata faraja ambayo ningeitamani zamani. Swali hili lilitolewa mwaka 1922 na Edward Mann Langley wa Uingereza, mwalimu wa hesabu aliyeanzisha jarida la The Mathematical Gazette, na alilitoa humohumo, mbele ya wasomaji ambao hesabu ndiyo kazi yao. Mwaka uliofuata James Mercer alitoa njia ya jiometri tupu, na mstari aliouongeza ni huohuo wa nyuzi 20 kutoka B. Kwa hiyo kile nilichoshindwa nikiwa nimelala kifudifudi sakafuni hakikuwa kazi ya nyumbani ya mtoto.

Na zile namba hazikuokotwa tu. Nyuzi 20 ni sehemu moja kati ya 18 za duara, kwa hiyo msumari wetu ni kipande kimoja cha umbo lenye pande 18 zilizo sawa, A ikiwa katikati yake. Ukilichora umbo zima, mistari BE na CF ukiirefusha inakwenda kugonga kona nyingine za umbo hilo. Mistari ya kona kwa kona kwenye maumbo kama hayo ina tabia ya kukutana mitatu mitatu au zaidi mahali ambapo hukutegemea, na mwaka 1998 Bjorn Poonen na Michael Rubinstein walichapisha hesabu kamili ya sehemu hizo za kukutania kwa umbo la pande zozote. Nilikaa na mchoro wa pande 18 Jumapili nzima na nguo za watu zikangoja.

Jambo moja kuhusu muda. Usikae na swali la namna hii zaidi ya saa moja kwa mkao mmoja. Andika tarehe juu ya kila karatasi na usitupe iliyoharibika. Karatasi niliyoifuta G bado ninayo. Alama ya raba inaonekana, na chini yake tao linaonekana bado.

Sasa ile sura ya makosa. Baada ya kumaliza la 50 nilirudi kwenye 70 yangu, ile iliyonila wiki tatu, na nayo ni swali halali kabisa. Tumia karatasi mpya yenye vipimo vilevile. BE ibaki kwenye nyuzi 60. Kutoka C chora kwa nyuzi 70 badala ya 50. F itapanda juu sana upande wa kushoto, kupita kimo cha E. Unganisha E na F. Safari hii tafuta pembe CFE. Milinganyo minne itakuzungusha vilevile, na bikari kwenye B haitakupa F, maana pembetatu BCF sasa ina 80, 70 na 30, hakuna pacha. Ila pima AF, utakuta sentimita 8, sawa na kitako. Ukitaka pa kuanzia, chora kutoka E mstari sambamba na kitako mpaka ugonge upande wa kushoto, kisha uunganishe nukta hiyo na C. Utaona pembetatu mbili zenye pande zote sawa, moja kubwa imekaa juu ya kitako na nyingine ndogo imepinduka juu yake. Jibu ni nyuzi 20. Sababu nakuachia.

Dada nimemtumia hilo pia, bila dokezo la mstari sambamba. Juzi usiku alinirudishia picha ya karatasi yenye mistari 11 iliyopishana kama utando wa buibui, na chini yake ameandika: "Usithubutu kuniambia."